Hapakuwa na Siku Moja Binadamu Alipoanza Kulima

Katika miaka ya 1960, mtaalamu wa mimea kutoka Marekani, Jack Harlan, alipanda miteremko ya Karacadağ, mlima wa volkano ulioko kusini-mashariki mwa Uturuki, ambako ngano ya porini huota yenyewe kwa wingi kama nyasi. Alianza kuvuna kwa mikono mitupu, akipukusa masuke mpaka viganja vikachubuka. Kisha akachukua mundu wenye meno ya jiwe la gumegume, mfano wa ule uliotumiwa na watu wa kale, akaendelea. Kila saa ya kazi ilimpa zaidi kidogo ya kilo moja ya punje safi. Akapiga hesabu: familia iliyozoea kazi hiyo, ikiifuata ngano inavyoiva kutoka chini ya mlima kwenda juu, ingeweza kwa wiki tatu hivi kukusanya nafaka nyingi kuliko inayoweza kula mwaka mzima.

Wiki tatu tu, na hakuna aliyelima, aliyepalilia wala aliyeamka alfajiri kufukuza ndege.

Kama pori lilikuwa na ukarimu huo, nani basi alipata wazo la kutifua ardhi, na alilipata kwa sababu gani? Swali hili linanisumbua kila ninaposoma habari za watu wa kale, kwa kuwa simulizi tuliyoizoea haina jibu lake. Simulizi hiyo inasema binadamu alitangatanga kwa maelfu ya miaka akifuata wanyama na matunda, akachoka, akagundua kwamba mbegu ikiangukia udongo huota, akajenga nyumba kando ya shamba, akapumzika. Gordon Childe, mwanaakiolojia aliyeandika katika miaka ya 1930, aliyaita mabadiliko haya mapinduzi ya Neolithiki, yaani ya Zama Mpya za Mawe, na neno "mapinduzi" likatufanya tuyaone kama tukio la ghafla, lenye kabla na baada.

Ugumu ni kwamba simulizi hiyo imefunga mambo matatu katika fundo moja: kutulia mahali, kupanda mbegu, na kuwa na mmea au mnyama ambaye maumbile yake yamebadilika kwa kuishi na binadamu. Ukilifungua fundo unakuta kila jambo lilikuja kwa wakati wake, pengine yakiwa yameachana kwa maelfu ya miaka, na mpangilio wake haukuwa mmoja duniani kote.

Mbegu ziliota kabla ya wakulima

Binadamu wa aina yetu wana umri wa miaka 300,000 hivi. Hayo tunayajua kutokana na mifupa ya Jebel Irhoud, Moroko. Dalili za mapema za kilimo kamili hazizidi miaka 11,500 au 12,000. Kwa hiyo zaidi ya asilimia 95 ya maisha ya jamii yetu yalipita bila shamba. Si kweli kwamba watu wale walikuwa hawajui mbegu inafanya nini. Mtu ambaye maisha yake yote yanategemea kujua mzizi upi una sumu na tunda lipi linaiva mwezi gani hawezi kukosa kuona kwamba maganda aliyotupa mwaka jana yamechipua.

Ushahidi upo. Mwaka 1989 ukame ulishusha maji ya Ziwa la Galilaya, na ufukweni pakajitokeza kambi ya kale ambayo leo inaitwa Ohalo II. Ina umri wa miaka 23,000 hivi, yaani katikati ya baridi kali ya Zama za Barafu. Matope yaliyokosa hewa yalikuwa yamehifadhi mabaki ya vibanda vya matawi, matandiko ya majani, na mabaki ya zaidi ya aina 140 za mimea. Kulikuwa na shayiri na ngano za porini, pamoja na jiwe lililobaki na chembe za wanga wa nafaka iliyosagwa juu yake. Kulikuwa pia na mbegu za magugu ya aina ile inayostawi kwenye ardhi iliyovurugwa na mkono wa mtu. Watafiti waliozichunguza wanaona hapo majaribio ya kupanda, miaka 11,000 kabla ya kilimo tunachokijua. Majaribio hayo hayakuendelea.

Mkate nao ni wa zamani kuliko shamba. Huko Shubayqa, kaskazini-mashariki mwa Yordani, kwenye mafiga ya mawe yenye miaka 14,400 hivi, yamepatikana makombo yaliyoungua ya mkate bapa, uliotengenezwa kwa unga wa nafaka za porini na mizizi ya mmea wa majimaji. Waliouoka walikuwa wawindaji na wakusanyaji. Iliwabidi vizazi vyao wasubiri kiasi cha miaka 4,000 kabla ya mtu yeyote wa eneo hilo kuitwa mkulima.

Panya anayetoa ushahidi

Mtu atajuaje kama watu wa kale walikaa mahali mwaka mzima au walipita tu? Moja ya majibu yanayonipendeza yametoka kwa kiumbe ambaye hatumpendi: panya mdogo wa nyumbani.

Katika nchi za mashariki ya Bahari ya Mediterania kuna panya wa aina mbili wanaofanana sana, mmoja wa nyumbani na mwenzake wa porini. Wakati watu wakikaa muda mrefu mahali pamoja, mabaki ya chakula na nafaka za akiba humpa yule wa nyumbani nguvu, akazaliana na kumfukuza mwenzake. Watu wakianza tena kuhama, wa porini hurudi. Watafiti waliotoa kazi yao mwaka 2017 walipima meno madogo mno ya panya kutoka tabaka za udongo za makazi ya kale, wakaona panya wa nyumbani akijitokeza miaka 15,000 hivi iliyopita, katika makazi ya watu tunaowaita Wanatufi. Wanatufi walijenga nyumba za mviringo zenye misingi ya mawe, walizika wafu wao karibu na makazi, na huko Ain Mallaha walimzika mtu mmoja mkono wake ukiwa umewekwa juu ya mtoto wa mbwa. Hawakuwa na shamba hata moja linalojulikana.

Tabaka za juu zaidi zinaonyesha panya wa porini akirudi. Maana yake watu walitulia, wakahama, wakatulia tena. Hapakuwa na mlango ambao ukishaupita unafungwa nyuma yako.

Kwingineko duniani ushahidi ni huohuo. Wajomoni wa Japani walifinyanga vyungu zaidi ya miaka 15,000 iliyopita na baadaye wakaishi vijijini kwa milenia nyingi wakitegemea samaki, njugu na wanyama wa porini. Kwenye pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika Kaskazini, mto ukileta samaki aina ya salmoni kila mwaka, watu walijenga majumba makubwa ya mbao, wakawa na mamwinyi na watumwa, na wote hawakulima nafaka. Kwa hiyo hata ule usemi kwamba matabaka yaliletwa na kilimo unahitaji kurekebishwa: akiba inayoweza kulindwa na kugawiwa ndiyo iliyofungua njia, iwe ni gunia la shayiri au samaki wa kukausha.

Na Göbekli Tepe, kusini mwa Uturuki, imewashangaza hata wataalamu. Miaka 11,500 hivi iliyopita watu walichonga nguzo za mawe zenye umbo la herufi T, nyingine zikifikia urefu wa mita 5.5 na uzito wa tani 10 hivi, wakazipamba kwa mbweha, nge na ndege. Mifupa iliyotapakaa pale ni ya swala na ng'ombe wa mwituni. Klaus Schmidt, Mjerumani aliyeongoza uchimbaji kuanzia miaka ya 1990, alipendekeza kwamba haja ya kuwalisha wajenzi na wageni wa sherehe huenda ndiyo iliyosukuma watu kutafuta nafaka nyingi zaidi. Si wote waliokubaliana naye, lakini ilibidi kila mtu aache kusema kwamba kwanza hushiba tumbo la mkulima ndipo hujengwa hekalu.

Siri ya suke

Tuje sasa kwenye mmea wenyewe. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, mambo yanakuwa matamu.

Chukua suke la ngano ya porini lililoiva. Liguse. Linavunjikavunjika mkononi, kuanzia kileleni kwenda chini, na kila kipande kinaanguka na punje zake. Kwa mmea hilo ni jambo jema: punje zinatawanyika zenyewe na kujichimbia udongoni. Kwa mvunaji ni hasara, kwa kuwa akichelewa siku chache anakuta mabua matupu. Lakini katika kila konde huwa kuna mashina machache yenye hitilafu, ambayo viungo vya masuke yake havikatiki. Porini hitilafu hiyo ni kifo. Punje zimening'inia juu, ndege wanakula, hakuna kinachoota.

Sasa aje mtu mwenye mundu. Anapotikisa mabua, punje za kawaida zinaanguka chini. Zile zenye hitilafu zinabaki kwenye suke na kufika nyumbani. Akitenga sehemu ya mavuno kwa ajili ya kupanda, bila kukusudia anapanda zenye hitilafu kwa uwiano mkubwa kuliko uliokuwapo kondeni. Akifanya hivyo mwaka hadi mwaka, hitilafu inageuka kuwa kanuni. Mwisho wake ni ngano isiyoweza kujipanda. Isipopurwa na mtu, haina uzao.

Gordon Hillman na Stuart Davies walifanya majaribio na hesabu, wakachapisha mwaka 1990 kwamba mabadiliko hayo yangeweza kukamilika kwa chini ya miaka 200, pengine hata miongo miwili au mitatu. Wengi waliipokea hesabu hiyo kwa furaha, kwani ilifanana na mapinduzi. Kisha punje zenyewe zilizoungua, kutoka tabaka moja hadi nyingine za makazi ya kale, zikaanza kuhesabiwa, na zikatoa jibu tofauti: viungo visivyokatika viliongezeka polepole kwa zaidi ya miaka 2,000.

Kwa nini polepole hivyo? Kwa sababu watu hawakuwa wamejifunga kwenye shamba. Mwaka mmoja walivuna kabla suke halijakauka, ili punje zisipotee, na hapo mundu haubagui. Mwaka mwingine walipiga masuke juu ya kikapu, na kikapu hupokea zile zinazoanguka. Mavuno yakiharibika walirudi mlimani kuchukua mbegu za porini. Huko Dhra', Yordani, yamechimbuliwa maghala yenye miaka 11,300 hivi, sakafu zake zikiwa zimeinuliwa ili hewa ipite na panya wasifike, na nafaka iliyowekwa humo ilikuwa bado ya porini kwa maumbile yake. Watu walipanda, walivuna, walihifadhi, huku wakiendelea kuwinda swala. Ukimsimamisha mmoja wao na kumwuliza kama ni mkulima au mwindaji, nadhani asingeelewa swali.

Kwa wanyama njia ilikuwa nyingine. Huko Ganj Dareh, magharibi mwa Iran, mifupa ya mbuzi ya miaka 10,000 iliyopita inaonyesha kwamba beberu wengi walichinjwa wakiwa wadogo na majike wakaachwa wazeeke. Mwindaji hulenga mnyama mkubwa aliyemwona. Anayeacha majike ni mtu anayefikiria kundi la mwakani.

Hapa niongeze jambo linalosahauliwa sana. Barani Afrika, mahali pengi mifugo ilitangulia mazao. Sahara ilipokuwa na majani na maziwa, watu walichunga ng'ombe, mbuzi na kondoo. Ilipokauka walisogea na mifugo yao, na miaka 5,000 hivi iliyopita wafugaji walikuwa wamefika Ziwa Turkana. Huko Lothagam Kaskazini walijenga kaburi la pamoja lenye nguzo za mawe, ambamo walizikwa watu wasiopungua 580, wakubwa kwa watoto. Hao walizalisha chakula chao na bado walihama, kwa kuwa katika nchi ya mvua isiyotabirika ng'ombe anayeweza kuifuata mvua ana faida kuliko shamba lisiloweza. Ushahidi wa zamani tulio nao wa mtama uliobadilika kwa kulimwa, kutoka mashariki mwa Sudani, ni wa baada ya mwaka 3500 KK. Kwa hiyo uhamaji haukuwa "hatua ya chini" ambayo watu waliivuka kwenda kwenye kilimo. Kwa baadhi ulikuwa ndiyo njia yenyewe ya kuzalisha chakula.

Kilimo chenyewe kilianza mara nyingi, kwa watu wasiojuana: mpunga kandokando ya Yangtze na uwele wa Kichina kaskazini yake, maboga na baadaye mahindi huko Meksiko, viazi kwenye milima ya Andes, magimbi na ndizi katika kinamasi cha Kuk huko Papua Guinea Mpya.

Kidole gumba cha mwanamke wa Abu Hureyra

Kwenye ukingo wa Mto Frati, nchini Syria, palikuwa na kichuguu cha makazi ya kale kiitwacho Abu Hureyra. Mwaka 1972 na 1973 timu iliyoongozwa na Andrew Moore ilikichimba kwa haraka, kwa sababu bwawa lilikuwa linajengwa na maji yalikuwa njiani. Walipata kijiji kimoja juu ya kingine: chini, wawindaji na wakusanyaji wa miaka 13,000 iliyopita, juu, wakulima.

Mifupa ya wafu ilichunguzwa baadaye na Theya Molleson wa London. Alichokiona kwenye miguu hakikuwa cha kawaida. Kiungo cha kidole gumba cha mguu kilikuwa kimelika na kuvimba. Magoti yalikuwa na alama za kukunjwa muda mrefu. Pingili za chini za uti wa mgongo zilikuwa zimeharibika. Ukiviweka pamoja unapata picha ya mtu aliyepiga magoti, vidole vya miguu vimekunjwa chini yake, akisukuma jiwe mbele kwa mikono miwili, akijivuta nyuma, akisukuma tena, saa baada ya saa, kila siku. Alikuwa anasaga nafaka, na kwa kiasi kikubwa mifupa yenye alama hizo ilikuwa ya wanawake. Meno nayo yalikuwa yamelika na kuvunjika, kwa kuwa unga uliosagwa kwa jiwe huwa na chembe za jiwe.

Kila nikifikiria kilimo kama "maendeleo", kidole hicho kinanirudisha. Mifupa ya wakulima wa mwanzo mahali pengi inasema hivyohivyo: meno yaliyooza kwa wanga mwingi, dalili za upungufu wa damu na za utoto uliokatizwa na njaa au maradhi. Chakula kilitegemea mazao mawili matatu, na mvua ikikosekana palikuwa na machache ya kukimbilia. Vinyesi, maji machafu na mifugo vilikaa karibu na vitanda.

Maisha ya kuwinda na kukusanya hayakuwa pepo, wala sitaki kuyapamba. Watoto wengi walikufa kabla ya kukua. Richard Lee, aliyeishi na Wasan wa Dobe katika Kalahari miaka ya 1960, aliandika kwamba walitumia siku mbili na nusu hivi kwa wiki kutafuta chakula. Wakosoaji wakamkumbusha kwamba kupasua njugu, kupika na kutengeneza zana pia ni kazi. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu Waagta wa Ufilipino ulionyesha kwamba walioingia zaidi kwenye kilimo walifanya kazi saa kama 10 zaidi kwa wiki kuliko wenzao, na mzigo mkubwa uliwaangukia wanawake.

Basi kwa nini hawakurudi?

Sehemu moja ya jibu ni hali ya hewa. Zama za Barafu zilikuwa baridi, kavu na zenye misukosuko, na hewa ilikuwa na hewa ukaa kidogo, jambo linalodumaza mimea. Kuanzia miaka 11,700 hivi iliyopita misimu ilitulia. Hilo linaeleza kwa nini kilimo hakikushika mapema zaidi, kama pale Ohalo. Halielezi kwa nini watu walikubali kazi ngumu zaidi.

Jibu lililobaki, nionavyo mimi, limebebwa mgongoni. Mama anayehama hawezi kubeba watoto wawili. Kati ya Wasan wa Dobe, mtoto alifuatwa na mdogo wake baada ya miaka minne hivi, kwa kuwa kunyonyesha mara kwa mara na kwa muda mrefu huchelewesha mimba. Mama aliyetulia hana safari ya kumbeba mwanawe, na ana uji laini wa kumwachisha ziwa mapema. Nafasi kati ya watoto inapungua. Makaburi ya mabara mbalimbali yanaonyesha idadi ya watoto waliozikwa ikipanda kilimo kinapoingia, ishara kwamba waliozaliwa waliongezeka, ingawa vifo navyo viliongezeka. Familia moja haioni badiliko lolote. Inaona mtoto mmoja zaidi, na furaha yake. Baada ya vizazi kumi kijiji kina watu ambao mlima wa ngano ya porini hauwezi tena kuwalisha, na hakuna aliyebaki hai anayekumbuka njia za swala.

Kila hatua ilikuwa ya busara kwa aliyeichukua: kukaa mwezi mmoja zaidi karibu na shayiri, kuweka akiba, kutupa mbegu kwenye tope la mto, kumwachisha mtoto ziwa kwa uji. Hakuna kizazi kilichopewa nafasi ya kuchagua kati ya maisha mawili yaliyokamilika.

Na wakulima wakiwa wengi, walisambaa. Vinasaba vya mifupa ya kale vinaonyesha wakulima wa Anatolia, yaani Uturuki ya leo, wakiingia Ulaya miaka 8,500 hivi iliyopita na kusonga mbele, kwa wastani wa kama kilomita moja kwa mwaka, mpaka Uingereza miaka 6,000 iliyopita. Barani Afrika lugha za Kibantu, Kiswahili kikiwa kimojawapo, zilitoka mpakani mwa Kameruni na Nijeria zikichukuliwa na watu waliojua kupanda. Waliokuwapo kabla yao walichanganyika nao, walisukumwa pembeni, au walibadili maisha.

Mwendo huo haujasimama. Kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, mamia machache ya Wahadzabe bado wanapata sehemu kubwa ya chakula chao kwa asali, mizizi, ubuyu na mawindo, huku mashamba na malisho ya jirani zao yakizidi kusogea. Mwaka 2011 baadhi yao, wa bonde la Yaeda, walipewa hati za kimila za kumiliki ardhi yao kwa pamoja, yaani karatasi inayochora mpaka kuzunguka nchi ambayo wazee wao waliitembea bila mpaka. Kule Abu Hureyra, maji yalifika kama ilivyotarajiwa. Kichuguu kiko chini ya Ziwa Assad, na kilichobaki ni masanduku ya mifupa na punje zilizoungua.